Jirani aliyenidhulumu sasa anaumwa

SWALI: Shikamoo Mama. Ninauza chai na maandazi hapa Morogoro. Jirani yangu alinikopa 80,000, akanikana mbele za watu. Sasa kavunjika mguu, hana wa kumpikia. Wenzangu wa jumuiya wanasema nisimpelekee chakula mpaka atubu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Peleka uji, mahubiri yasubiri. Soma tena Luka 10. Yule Msamaria alimkuta njiani mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akamimina mafuta na divai kwenye majeraha yake, akampandisha mgonjwa kwenye mnyama wake, akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Basi piga hesabu. Wala hakuuliza aliyelala pale anasali wapi.

Nilipofiwa na mume wangu, alinijia alfajiri mama mmoja tuliyegombania mpaka wa shamba miaka mingi. Hakusema neno. Alibeba ndoo zangu mbili akaenda bombani, na aliporudi akasugua masufuria yaliyogandiana ugali tangu juzi. Mahubiri ya msiba ule nimeyasahau yote (na mchungaji alihubiri kweli, alisimama saa nzima!). Masufuria sijayasahau.

Deni lako lipo palepale. Akishaweza kusimama mdai, ikibidi mbele ya mjumbe. Kwa sasa angalia tu uji usiwe mwepesi mno, na ile ndoo ya haja uitoe kabla hajakuomba.