Maswali Yenu: Nilikuwa na duka la nzi wa kuvulia peke yangu, sasa tuko watatu

Mwezi huu zimeingia barua tatu na zote ni za uvuvi wa flai, yaani mwaka mzima hakuna hata moja alafu zinakuja kwa mpigo. Kwa ambaye hajui, huu ni ule uvuvi wa kutupa nzi wa bandia, manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano, badala ya mnyoo. Haya tuanze.

Nina kaduka hapa Nyeri, mwaka wa nne sasa, nauza fimbo, rili za kukunjia mshipi, mishipi na nzi wa kuvulia samaki aina ya trauti. Nilikuwa peke yangu. Tangu mwaka jana yamefunguliwa mengine mawili, moja liko mtaa huuhuu, na mwenyewe anauza fimbo chini ya ile bei mimi nanunulia. Watu wanakuja kwangu wanauliza maswali nusu saa nzima alafu wanaenda kununua kwake. Nishushe bei na mimi? – Mwenye duka, Nyeri

Usishushe mzee. Kama anauza chini ya bei yako ya kununulia basi ni mawili, ama anaagiza mzigo mkubwa kwa mpigo na anapata bei ya jumla ambayo wewe huiwezi, ama anakula hasara makusudi akingojea ufunge, na kote kuwili ukimfuata utaumia wewe. Mwenye nguvu mpishe. Kwenye fimbo mpishe tu, bakisha mbili tatu za wanaojifunza, na hela uliyoifungia ukutani itoe.

Uipeleke wapi? Hebu muangalie mteja wako anavofanya. Mtu akinunua fimbo namba 5 (namba ni ya uzito wa mshipi inaoubeba) leo na akaitunza, mpaka aje kuulizia nyingine itapita miaka. Lakini huyohuyo akishuka mto Gura, na Gura unaijua, maji mbio, mawe, miti imeinamia mto huku na huku, kila akirusha mshipi nyuma unashika tawi, asubuhi alikuwa na nzi kumi kwenye kakopo jioni wamebaki wawili. Wale nane walioning'inia kwenye miti ndo biashara yako. Na ile nailoni nyembamba ya mwishoni inayofungiwa nzi, ile 5X yenye unene wa milimita 0.15 hivi, kila akibadilisha nzi anakata kipande mpaka roli inaisha. Sasa tuseme nzi umemnunua 60 ukamuuza 120, faida inaonekana ya kuchekesha, lakini mara nane ni 480, na akienda mtoni Jumamosi nne amekuachia 1,920 kwa mwezi, mteja mmoja huyo. Fimbo ungepata faida 2,000 mara moja alafu kwaheri.

Hilo la kuulizwa maswali nusu saa ndo limenifurahisha, wewe unalilia na ndo mtaji wako. Wanakuja kwako kwa sababu kule hakuna wa kujibu. Mimi mwenyewe niliingia duka moja jipya, silitaji, vioo vinang'aa, nikamuuliza kijana samaki wa mto Thiba wiki hii wanakula nini, akafikiria kidogo akanionyesha wale nzi wa bei kali kuliko wote. Nikabeba dazani. Samaki wa tatu tu uzi ukafunguka pale kichwani, nikaona manyoya yanashuka na mto yenyewe na mimi nimebaki na ndoano tupu kama mtu aliyenyolewa bila maji.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka ubao mlangoni, kila Ijumaa andika hali ya mito, Sagana maji yakoje, Mathioya yakoje, Thiba wanapanda juu kula au wamelala chini, nzi gani na saizi gani. Tafuta vijana wanaokaa karibu na mito uwatumie kredo ya shilingi 50 wakupigie. Hiyo habari haiagizwi kwa kontena. Na ile miezi ya mvua ndefu, Machi mpaka Mei, mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, andika wazi kabisa WIKI HII USIENDE. Utapoteza mauzo ya siku hio, lakini mtu aliyesafiri kutoka Nairobi saa kumi za usiku akakuta matope hatakusahau, na uliyemwokoa safari hatakusahau vilevile. Zile fimbo zilizokaa kodisha kwa watalii kwa siku, na deposti uchukue kabla hajatoka mlangoni. Maswali jibu, ila jibu ukiwa umeshika kopo la nzi mkononi, unaelewa.

Alafu usimchukie sana jirani kwa kuja nyuma yako, maana hata trauti mwenyewe ni wa kuletwa, walowezi walimmwaga Gura mwaka 1905.

Nafunga nzi hapa Nairobi mwaka wa kumi na mbili, nalipwa kwa dazani na mzigo unaenda nje. Sasa duka jipya linataka nilipelekee mali kauli, wauze kwanza ndo wanilipe. Nikubali? – Mfunga nzi

Dada, Kenya imefungia dunia nzi miaka mingi sana, kuna mzungu anawabeba kutoka London kuja kuvua Mlima Kenya kumbe walifungwa kwa jiliwa, kile kibano cha kushikia ndoano, iliyo kilomita mia na kitu kutoka pale. Kwa hiyo usiingie kwa hilo duka kama unaomba.

Kwanza uliza ndoano ni za nani. Kama wanakupa ndoano na manyoya, unachohatarisha ni kazi yako, hapo mali kauli unaweza kujaribu. Kama ndoano umenunua wewe, za nje, basi nusu ya hela mkononi siku ya kupeleka, iliyobaki wiki mbili, na uandike kwenye daftari dazani ngapi za saizi gani na wao waweke sahihi. Anza na dazani kumi, usipeleke hamsini.

Siku ya kwanza nenda na glasi ya maji. Waambie wachague nzi yeyote, mpitishie ukucha pale kichwani kwa nguvu, manyoya yasizunguke wala uzi usilegee. Waonyeshe tundu la ndoano liko wazi, halijazibwa na vanishi, maana mvuvi saa kumi na mbili asubuhi vidole vimeganda hana muda wa kutoboa vanishi. Alafu mpange dazani nzima mstari mmoja, saizi 14 wote, wawe kama mapacha kumi na wawili. Ukimaliza muweke yule anayetakiwa kuelea kwenye maji. Akielea, nyamaza, wacha waseme bei wao.

Na barua ya juu umeisoma? Kuna mzee Nyeri anahitaji nzi aina ya Kenya Bug na Coachman ambao hawafunguki. Mtumie sampuli.

Mimi niko Ifakara. Nasikia wazungu wanalipa hela nyingi kuvua samaki wa meno, wale taiga, kwa flai huko kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji. Nikifungua duka la fimbo hapa mjini litalipa? – Kijana wa Kilombero

La fimbo hapana. Wageni wale safari yao imeshapangwa na kambi kabla hawajatoka kwao, wanakuja na fimbo zao namba 8 na 9 zimekaa kwenye mirija kama mitutu ya bunduki, na wengine wala hawaukanyagi mji, wanatua na ndege ndogo hukohuko porini. Mteja wako siyo mgeni, ni kambi. Nenda kaongee na mtu wa stoo kule, muulize nini kinawaishia katikati ya msimu. Yale meno yanakata nailoni kama wembe, lazima pawe na kipande cha waya kabla ya nzi, na waya wenyewe unapinda unatupwa. Anza na waya, koleo ndefu za kutolea ndoano mdomoni, na ndoano kubwa imara. Vinaingia kwenye begi moja, duka hata hulihitaji.