Kabla hujalipanda paa, lisome ukiwa chini yake

Vijana wengi wanaoingia kazi ya sola hukimbilia hesabu za umeme. Mimi huwaambia waanze na paa, na waliangalie kutoka ndani ya jengo, tochi mkononi.

Ukiwa ndani utaziona palini, vile vyuma vinavyobeba mabati: zimeachana kiasi gani, zina kutu wapi. Paneli moja ya wati 550 ina kilo 28 hivi. Ukipandisha 400, hizo ni zaidi ya tani 11, bado reli za kushikia paneli na nyaya. Banda la kuku au la kukaushia mahindi mara nyingi halikujengwa kwa mzigo huo. Omba michoro ya jengo, na ikikosekana aitwe injinia wa majengo. Mwenye shamba akikuambia paa lake limekaa miaka ishirini bila shida, mheshimu, lakini hilo si jibu.

Ukiwa humo ndani utayaona pia mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga. Hapa naomba mnisikilize sana. Kwa ndani yanang'aa, ila ukiwa juu, baada ya miaka ya jua na vumbi, huwezi kuyatofautisha na bati la kawaida. Mtu akikanyaga moja, anatokea sakafuni. Mimi huyahesabu nikiwa chini, huyachora kwenye karatasi, kisha juu huyawekea alama ya rangi na kuyafunika kwa mbao nzito kabla paneli ya kwanza haijapandishwa. Mkanda wa usalama ufungwe kwenye kamba iliyoshikiliwa na chuma cha jengo, kamwe si kwenye reli ya paneli.

Mwaka wangu wa pili kazini tulifunga paneli juu ya banda la kupakia maua, Naivasha. Skrubu zangu tatu zilikosa palini zikashika bati tupu. Nilijua, kwa sababu drili ilizama ghafla bila ukinzani, lakini jua lilikuwa linazama nami nikaendelea. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji yalidondokea maboksi ya waridi yaliyokuwa yanangoja lori. Skrubu ikikosa palini, ing'oe, ziba tundu kwa bati dogo na silikoni, toboa pengine. Na jioni fagia vumbi la chuma linalotoka kwenye drili. Likilala juu ya bati likanyeshewa, linashika kutu na kulila bati lenyewe. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, rudi kwa mteja bila kungoja simu yake.

Kwenye umeme, kosa ninaloliona sana ni la baridi. Paneli ya wati 550 hutoa karibu volti 50 ikiwa bado hakuna kifaa kinachovuta umeme wake, katika joto la nyuzi 25. Fundi anaunganisha 20 kwa mstari mmoja, anapata volti 1,000, na inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kawaida, mwisho wake ni volti 1,000, basi anaridhika. Lakini paneli ikipoa, volti hupanda. Asubuhi ya Julai, nyuzi 8, mstari ule unapita 1,040 na inveta inaungua. Funga 18 ulale usingizi.

Hapa Kenya, mfumo uliounganishwa na gridi, yaani umeme wa taifa, unahitaji fundi mwenye leseni ya T3 kutoka EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Anza kuifuatilia mapema, ukiwa bado chini ya fundi mwenye nayo.

Kumbuka pia kwamba kuzima swichi kuu hakuzimi nyaya za juu ya paa. Jua likiwaka, zina umeme. Viunganishi vya nyaya viwe vya kampuni moja pande zote mbili, hata kama vya kampuni nyingine vinaingiana, maana vikikaa vibaya hupata joto na kuwaka. Mimi husukuma mpaka nisikie "tak", kisha navuta kidogo kuhakikisha, kimoja baada ya kingine, hata viwe mia nane.