Simu ni yangu, namba yake si yangu

Swali lenu la wiki linauliza kama mtu aliyenunua simu kwa pesa yake ana haki ya kuibadilisha atakavyo. Mimi ni fundi simu Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tatu sasa, na swali hilo hufika mezani kwangu kila siku kwa maneno mengine. "Fundi, niflashie hii, niwekee programu upya." "Nitolee loki." Au mteja anainama, anashusha sauti: "Unaweza kunibadilishia IMEI?" Kwake yote ni kazi ya kuchomeka waya kwenye kompyuta. Kwangu hayafanani hata kidogo.

Nianze na hilo la mwisho, la IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, maana ndilo lililonifunza. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tumehimizwa tubonyeze *#06#, tuone namba yenye tarakimu 15, tuitume kwenda 15090 tujue kama simu ni halisi. Wengi hawakufanya hivyo. Asubuhi ile alikuja mama mmoja muuza mboga. Simu yake alikuwa ameinunua dukani, wala hakujua kuwa ni feki. Wateja wake wote walikuwa mle ndani. Droo yangu ilikuwa imejaa simu halisi zilizokufa, na kuichukua namba ya mojawapo na kuiandika kwenye simu ya mama ingekuwa kazi ya dakika chache. Mafundi wengine walikuwa wanaifanya, na mama alilijua hilo.

Nilikataa. Nilimhamishia majina yake kwenye kitochi, sikumtoza kitu, na alipoondoka hakuniaga. Bado naamini nilifanya sawa. Namba ile ni kama namba ya chesisi ya gari: imo ndani ya mali yako, lakini inawalinda watu wengine pia. Kwa namba hiyo, simu iliyoibwa Mbagala inaweza kufungiwa isishike mtandao hata ikiwekwa laini mpya. Nikikubali kumbadilishia mama mwenye shida, kesho nitamwambia nini kijana anayeleta simu ya bei mbaya na hajui hata pini yake? Sheria zetu nazo haziyumbi hapo. Kenya, kwa mfano, asiye mtengenezaji wala wakala wake akiibadilisha namba hiyo kwa makusudi ametenda kosa, na sisi huku tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Ukiniuliza kuhusu vilivyobaki, yaani kioo, betri na mfumo endeshi wenyewe, nasema ni vya mwenye simu, na nalisema bila kusitasita.

Mwanafunzi mmoja aliniletea simu ya Android isiyo na kasoro yoyote, ila mtengenezaji alikuwa ameacha kuipelekea masasisho ya usalama. Tulifungua butiloda, yaani programu inayoiwasha simu, tukaweka LineageOS, mfumo endeshi huru uliojengwa juu ya Android, na simu ile ikaishi miaka mitatu zaidi. Nilimwibia nani? Kiini cha Android ni Linux, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Nilichokuwa nadaiwa ni ukweli, tena kabla sijachomeka waya: kwamba kila kitu kitafutika, kwamba dhamana inaweza kufa, kwamba programu ya benki inaweza kuikataa simu. Kweli, programu ya benki ilikataa, akarudi kwenye menyu ya nyota na reli, na hakulalamika kwa sababu alijua mapema. Siku akiiuza naye atakuwa na deni hilo hilo kwa mnunuzi. Anayeruti simu, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wake, kisha akaiuza kama ilivyotoka kiwandani, huyo amedanganya.

Naambiwa kampuni zinafunga simu ili kutulinda. Kuna ukweli ndani yake, simu iliyorutiwa ovyo ni mlango wazi. Lakini mwangalie mlinzi mwenyewe. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Kulikuwa na sababu ya kiufundi, kuzuia simu zisizime ghafla. Ila wenye simu hawakuambiwa wazi, na wengine walikwenda kununua simu mpya wakati betri tu ingetosha. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja. Yaani kampuni iliibadilisha mali ambayo ilishaiuza, bila kumwambia mwenye nayo. Kosa lile lile ninalomkataza fundi.

Na Marekani kwenyewe, mwaka 2010 ilibidi Maktaba ya Bunge itoe ruhusa maalumu ndipo mtu afungue iPhone yake na kuweka programu zisizotoka Apple bila kuvunja sheria ya hakimiliki. Ruhusa za namna hiyo hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Ruhusa ya kutoa loki ya mtandao, ile inayoifunga simu kwa laini za kampuni moja, iliachwa ikaisha kwa simu mpya, watu zaidi ya 100,000 wakatia saini kudai irudishwe, na mwaka 2014 Obama akasaini sheria ya kuirudisha. Simu nyingi za mtumba ninazozishika hapa zimetoka huko, bado zina loki ya kampuni ambayo mteja wangu hatakuwa mteja wake kamwe. Hizo nazitoa loki na silali na wasiwasi.

Kinachonisumbua siku hizi ni simu za mkopo, zile unazolipia kidogo kidogo kila siku na ukichelewa inajifunga. Anayetaka nimtolee loki akiwa bado anadaiwa, namrudisha. Simu haijawa yake, na akikwepa yeye, jirani yake mwaminifu ndiye atakayenyimwa mkopo kesho. Lakini juzi alikuja dereva wa bodaboda na risiti zote, deni limekwisha wiki tatu nyuma, na simu inajifunga bado. Kampuni inamwambia asubiri. Abiria wanampigia, hapatikani.

Nimempa siku saba awaandikie na kuwapelekea nakala za risiti. Zikipita kimya, loki hiyo nitaitoa mwenyewe, na kwenye daftari langu nitaandika tarehe, IMEI, namba za risiti na jina langu.