Mtoto Mkimya na Mtoto Mwenye Usonji: Kwa Walimu Wanaoanza Kazi

Walimu wenzangu mnaoripoti kazini kwa mara ya kwanza, kabla muhula haujaisha mtakutana na mwanafunzi anayekaa peke yake wakati wa mapumziko, asiyejibu anaposemeshwa au anayejibu kwa namna inayowashangaza wenzake, na mtu fulani katika ofisi ya walimu atauliza kama mtoto huyo ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo ambayo Kiingereza huiita autism. Nimefundisha madarasa ya kawaida kwa miaka mingi, kisha kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na ninaogopa kila ninaposikia swali hilo likijibiwa papo hapo. Mtoto mwenye haya hubandikwa jina litakalomfuata hadi darasa la saba, na mtoto mwenye usonji huitwa mkaidi au aliyedekezwa, akakosa msaada katika miaka ambayo ungemfaa zaidi.

Kwanza fahamuni uwiano. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, katika kila watoto 800 wa umri wa kwenda shule tungetarajia kuwakuta sita hivi, na baadhi yao hawajawahi hata kuandikishwa, ilhali watoto wazito wa kuzoea watu wamo katika kila darasa mtakaloingia. Ukimya peke yake hauthibitishi lolote.

Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Baltimore nchini Marekani, alipowaeleza watoto 11 katika andiko lake la mwaka 1943, aliona mambo mawili yakienda pamoja: kujitenga na watu, na hamu kubwa ya kutaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Pande hizo mbili zimo mpaka leo katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji uliotolewa mwaka 2013, ambao wataalamu wengi huutumia. Upande wa kwanza unahusu kupokezana mazungumzo na hisia, kuelewa na kutumia ishara za uso na mwili, na kujenga urafiki na kuudumisha. Ugumu unatakiwa uonekane katika yote matatu. Upande wa pili unahusu miondoko au maneno ya kurudiarudia, kushikilia utaratibu usiobadilika, shauku nzito kupita kiasi juu ya jambo fulani, na hisi zinazopokea sauti, mwanga, harufu au mguso kwa ukali mno au kwa uhafifu mno. Hapo yanatakiwa angalau mawili kati ya manne. Zaidi ya hayo, dalili ziwe zilianza utotoni, hata kama zilijitokeza wazi baadaye masomo na maisha yalipozidi uwezo wa mtoto, nazo ziwe zinamtatiza kweli. Walimu wengi huukumbuka upande wa kwanza na kuusahau wa pili, na makosa mengi huanzia hapo. Mtoto asiyejua kuingia katika mazungumzo ya wenzake, lakini asiye na lolote la upande wa pili, hana sifa za usonji kwa mujibu wa mwongozo huo, ingawa anaweza kuhitaji msaada wa namna nyingine.

Jihadharini sana na kumpima mtoto kwa kutazamana macho. Fomu nyingi za uchunguzi zilitungwa Ulaya na Marekani, ambako mtoto hutarajiwa kumtazama mtu mzima usoni anapozungumza naye, lakini kwetu mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho anapotoa shikamoo, na akikukazia macho huenda akakaripiwa. Ukimpima mbele yako, umepima malezi yake. Mtazameni akiwa na wenzake. Mjusi akianguka kutoka darini katikati ya somo, watoto karibu wote humtazama mjusi, kisha hutazamana wao kwa wao wakicheka, kwa sababu jambo la kushangaza halijakamilika mpaka mwenzako amelishangaa pia. Mtoto mwenye haya atafanya hivyo, pengine kwa kumtupia jicho jirani yake tu. Mtoto mwenye usonji anaweza kumfuata mjusi kwa macho bila kumtafuta mtu wa kushirikiana naye, au akaziba masikio kwa sababu ya kelele za darasa. Tukio moja halitoshi, lakini matukio ya namna hiyo yakijirudia kwa majuma yana uzito kuliko mahojiano yoyote ya ofisini.

Uwanjani ndiko penye mengi ya kujifunza. Mtoto mwenye haya hukaa pembeni ya mchezo wa kombolela, lakini ukimwangalia kwa makini unaona anaufuata: anajua ni zamu ya nani, anatabasamu mtu anaponaswa, na akija rafiki mmoja anayemwamini kumshika mkono, huingia na kucheza kama wengine. Kanuni za kuishi na watu anazifahamu, na kinachomzuia ni hofu ya kukosea mbele za watu. Kwa mtoto mwenye usonji, mara nyingi kanuni zenyewe, zile ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka, ndizo zisizosomeka. Hata hivyo msidhani kwamba kila mwenye usonji hujitenga. Lorna Wing na Judith Gould, katika utafiti wao wa London uliochapishwa mwaka 1979, waliwaeleza pia watoto wanaokubali kuvutwa katika mchezo bila kuuanzisha, na wengine wanaowaendea watu kwa bidii ila kwa namna isiyo ya kawaida. Mwanafunzi anayemsimamisha kila mgeni amtajie njia zote za daladala na vituo vyake, bila kuona kwamba mgeni amekwisha kugeuka aondoke, si mkimya hata kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna anayemfikiria.

Wapo pia wanaosahaulika kwa sababu wamejifunza kujificha. Wasichana hasa huweza kumchagua mwenzao mmoja, wakaiga sauti yake, kicheko chake na hata namna anavyoshika daftari, wakaonekana wapole na wenye adabu mchana kutwa, kisha wakifika nyumbani hulia au hujifungia kwa uchovu ambao mzazi hauelewi. Mama akiwasimulieni hali hiyo, msimjibu kwamba shuleni hana tatizo.

Kabla ya kufikiria lolote, ondoeni sababu zilizo karibu. Masikio yapimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri hafanani na mwingine yeyote kama anavyofanana na mtoto asiyejali anapoitwa. Kisha ulizeni lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekulia Kisukuma, akaanza shule kwa Kiswahili asichokimudu, anaweza kunyamaza kwa miezi, na ukimsikiliza akiwa na bibi yake utakuta ni msemaji hodari. Hali hiyohiyo hujirudia kidato cha kwanza, pale masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza na darasa zima linaponyamaza. Ukimya ulioanza ghafla, baada ya msiba, kuhama au kuonewa, una chanzo chake, na chanzo hicho kinatakiwa kutafutwa haraka, maana usonji hauanzi juma lililopita.

Ndiyo maana mzazi au mlezi ni shahidi wa kwanza. Mwulizeni kama mtoto alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi aligeuka alipoitwa jina, kama alinyoosha kidole ili mwenzake aone ndege au gari, kama alijifanya anapika au anaongea na simu, na ilikuwaje pale jambo la kila siku lilipobadilika. Mtoto mwenye haya, kwa masimulizi ya nyumbani, huimba, hugombana na ndugu zake na hutania. Haya zake humrudia anapotokea mgeni. Mwenye usonji hubaki na tofauti zake hata kati ya watu wake, ijapokuwa hapo huwa ametulia zaidi. Na kumbukeni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa sababu mtoto aliyechekwa mara nyingi kwa kutoelewa utani hujifunza kuogopa watu.

Kazi yenu si kutoa jina la hali ya mtoto. Wekeni daftari, andikeni tarehe, kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata, kwa maneno yanayoeleza kilichoonekana: andikeni kwamba alilia kengele ilipolia akaziba masikio, wala msiandike kwamba ana usumbufu. Kisha mwoneni afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu, naye awaelekeze kwa wataalamu wa hospitali ya rufaa. Msaada usisubiri majibu. Mtoto anayetaabishwa na mabadiliko apewe ratiba ya picha na aambiwe mapema kipindi kinapohamishwa, na anayeogopa kusema mbele ya darasa aanze kwa kumsomea mwenzake mmoja. Fimbo kwa kutokujibu inawaumiza wote wawili na haimfundishi yeyote kati yao kuzungumza, ninawasihi msiitumie.

Mnapozungumza na mzazi, mwiteni faraghani, anzeni kwa yale ambayo mtoto anayaweza, na msome pamoja yaliyomo katika daftari. Wengi hufika wakiwa wamekwisha kulaumiwa na ndugu kwamba wamerogwa au kwamba mama hakulea vizuri. Mwelezeni waziwazi kwamba usonji hausababishwi na malezi, na kwamba andiko la mwaka 1998 lililozua hofu kwamba chanjo huleta usonji lilifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililolichapisha. Mpeni nakala ya kumbukumbu zenu aende nayo hospitali. Akirudi na majibu, yawe yoyote, kaeni naye tena mkubaliane mtoto ataketi wapi, nani atakuwa naye wakati wa mapumziko, na nani atamjulisha siku ambayo ratiba itabadilika.