Kabla hujamwaga sumu, mjue aliye kwenye shimo

Ukikuta shimo jipya bustanini na miche ya mchicha imekatwa, usikimbilie duka la pembejeo. Jipe kwanza siku chache za kumjua mwenye shimo. Nasema hivi hasa kwa sisi tuliojenga Ihumwa, Nzuguni, Iyumbu na Mtumba, kwenye viwanja ambavyo juzi tu vilikuwa pori. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba zimeota katikati ya vichaka, na wanyama wa vichaka hivyo hawakuhama. Katikati ya jiji kubwa, panya utakayekutana naye mara nyingi ni wa darini au wa mitaroni. Huku kwetu anaweza kuwa yeyote kati ya aina nyingi, na wengine wala si panya.

Mimi bustani yangu ni ndogo: matuta ya matembele, mchicha, mgagani, na mizabibu kando ya uzio. Msimu mmoja matembele yalianza kunyauka shina moja baada ya jingine, ilhali udongo una unyevu. Ukivuta shina linakuja bila upinzani, chini hakuna kiazi. Hapo hapo, upande wa pili, chini ya rundo la matofali yaliyobaki ujenzi, kulikuwa na mashimo ya wazi na mchicha umekatwa kwa mshazari karibu na ardhi. Kila aliyepita alisema "panya hao, weka sumu". Mzee jirani yangu peke yake ndiye aliyechuchumaa kwenye matuta, akapapasa vichuguu vidogo vya udongo mbichi vilivyojipanga kama mstari, akaniambia: "Mwanangu, hapa usitafute shimo. Huyu ni fuko, akitoka anafunga mlango."

Na kweli. Fuko hula mizizi na viazi kutokea chini na haachi tundu wazi. Mzee alinionyesha namna ya kuhakikisha: unafukua kidogo kati ya vichuguu viwili mpaka ufikie njia yake, unaiacha wazi, unakaa kimya pembeni. Hapendi hewa iingie. Baada ya muda udongo ulianza kutikisika, ukasukumwa kutoka ndani kidogo kidogo hadi tundu likazibika kabisa. Chambo chenye sumu ukikimwaga juu ya tuta la namna hii, hakimfikii. Kitaliwa na kuku wako.

Wa kwenye matofali alikuwa kiumbe mwingine kabisa, na kumjua kulihitaji njia nyingine. Hapa ndipo nawaomba msome taratibu.

Jioni, ziba mashimo yote kwa udongo. Usishindilie. Asubuhi na mapema angalia yapi yamefunguliwa. Yakifunguliwa usiku, una mnyama wa usiku. Yakikutwa bado yamezibwa asubuhi kisha saa sita mchana yako wazi, una mnyama wa mchana, na hilo peke yake linapunguza sana orodha ya washukiwa. Yale yasiyofunguliwa kabisa ni mahame, achana nayo.

Kisha chekecha majivu ya jikoni, nyunyiza tabaka jembamba mbele ya shimo linalotumika. Fanya hivyo jua likizama na uamke kabla upepo haujaanza, maana upepo wa Dodoma mnaujua. Piga magoti usome. Panya huacha vidole vinne kwa mguu wa mbele na vitano kwa mguu wa nyuma. Ukiona vitano mbele na vitano nyuma, nyayo ndogo mno, fikiria kirukanjia. Nyayo za nyuma zikiwa ndefu na nyembamba, zimeachana kana kwamba mnyama aliruka, huenda ni wale panya wa udongo wa kichanga wenye macho makubwa na mkia mrefu ulioishia kwa kishungi, ambao wanasayansi huwaita Gerbilliscus. Hao hutoka usiku na hupenda mbegu, hivyo ukipanda alizeti wanafukua shimo la mbegu moja moja.

Wangu mashimo yalifunguka mchana. Nilikaa dirishani asubuhi moja na nikamwona: mnene, manyoya ya kahawia yenye madoadoa yasiyokolea, akila majani kwa utulivu, na kutoka kwenye matofali hadi kwenye mchicha kuna kijia kilichokanyagwa vizuri katikati ya nyasi. Huyo ni panya wa nyasi, Arvicanthis kwa jina la kisayansi. Anategemea nyasi ndefu na marundo ya kujifichia. Nilihamisha matofali, nikafyeka nyasi hadi kwenye uzio, na akaondoka bila kutumia sumu hata chembe.

Yupo pia panya shamba, Mastomys natalensis, na huyu ndiye wa kuogopwa na mkulima. Jike ana chuchu nyingi, zinaweza kufika 24, mimba ni ya takriban wiki tatu, na akizaa anaweza kuleta kumi au zaidi kwa mkupuo. Mvua zikianza Desemba na chakula kikiwa kingi, idadi hupanda haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro wamemfuatilia kwa miaka mingi. Hupenda mbegu iliyotoka kufukiwa na mche unaochomoza, kwa hiyo kwake ulinzi unapangwa kabla ya kupanda na kwa pamoja na majirani. Ukimtega peke yako, wa jirani watajaza nafasi.

Wawili naomba muwaache. Kirukanjia, mwenye pua iliyochongoka na harufu kali, hula wadudu. Paka wengi humuua na kumtelekeza bila kumla. Na sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye husafisha vijia vyake vyembamba majani yasibaki njiani, hula mchwa na sisimizi. Kwa ukoo yuko karibu na pimbi wa mawe yetu na tembo kuliko panya. Inaniuma kila nikiona kapigwa na jembe.

Mwingine anayeonewa ni bundi. Watu humfukuza kwa hofu, wakati ndiye anayeweza kukuambia nani anaishi kwako. Chini ya mti anapolala utakuta vidonge vikavu vya manyoya na mifupa alivyotema. Kilowanishe kimoja, kichambue kwa kijiti. Fuvu lenye meno marefu ya njano mbele, kisha pengo, kisha magego, ni la panya. Fuvu dogo lenye meno madogo makali yaliyofuatana bila pengo ni la kirukanjia. Sasa fikiria bundi huyo akila panya aliyekula sumu ya kuzuia damu isigande, ambayo huchukua siku kadhaa kuua. Naye huenda akafa.

Kama ni lazima utumie sumu, nunua yenye lebo, isiwe ile ya vipakiti visivyo na maandishi inayotembezwa mitaani. Iweke ndani ya kasha lenye tundu dogo, mbali na watoto na kuku. Mtoto akiimeza, wahi hospitali na pakiti mkononi ili daktari ajue ni sumu gani.

Unapochunguza, vaa glavu. Kinyesi cha panya usikifagie kikavu. Kinyunyizie kwanza maji yenye klorini. Mwaka 2022 homa ya mgunda iliua watu mkoani Lindi, na ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Na ukikuta panya wengi wamekufa ovyo mahali ambapo hakuna aliyeweka sumu, usiwaguse wala usiwazike mwenyewe: mpigie afisa afya wa kata yako siku hiyo hiyo, kwa sababu tauni, iliyowahi kuwatesa watu wa Lushoto na Mbulu, inaweza kujitangaza kwa namna hiyo.