Mada ya thesis kuhusu kaktasi za juu ya miti

Mdogo wangu, umeuliza uchukue mada gani kwenye kaktasi zinazoota juu ya miti na watafiti wa sasa wanaelekea wapi. Pitaya (ile kaktasi ya dragon fruit) waachie wenye hela za maabara maana jinomu yake, yaani ramani nzima ya vinasaba vyake, ilishatoka 2021 na mbio za huko ni za wenye mashine. Hot kwa sasa ni tabianchi, kuna paper ya 2022 kwenye jarida la Nature Plants iliyoonyesha asilimia 60 mpaka 90 ya spishi za kaktasi walizozipima zitaumia na mabadiliko ya tabianchi na/au shughuli nyingine za binadamu, na hizi za mitini ndo ziko hatarini zaidi, watu walidhani kaktasi yoyote inapenda jua tu kumbe hizi ni za msitu wenye unyevu.

Ila mi ningekuwa wewe ningeshika Rhipsalis baccifera, ndo kaktasi pekee ya asili nje ya Amerika, ipo misitu ya Kenya, Uganda na Tanzania mpaka Madagaska na Sri Lanka, na ilivukaje bahari bado wanabishana, wengi wanasema ndege maana mbegu zake zinanata. Anza na ndege gani wanakula vile vitunda vyeupe, darubini na daftari vinatosha, na kibali cha msitu kiombe mapema.