Besi ya Chameleon ni kinanda

Wengi hudhani ile besi inayofungua Chameleon, wimbo wa mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock, inapigwa kwa gitaa la besi. Hapana, si gitaa la besi. Ni Hancock mwenyewe kwenye sintesaiza ya ARP Odyssey, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme. Sikiliza sekunde za mwanzo, kabla ngoma za Harvey Mason hazijaingia: noti zinatoka nzito halafu zinajifunga haraka, kama mtu anayesema "wau" huku anafumba mdomo. Hiyo ni kazi ya filta, sehemu ya sintesaiza inayofungua na kufunga sauti; nyuzi hazitoi sauti ya namna hiyo.

Kinachochanganya wengi ni kwamba Paul Jackson, mpiga besi, naye yumo humo humo. Ila yeye kapanda juu kabisa kwenye shingo ya gitaa lake la besi, anakatakata vipande vifupi hadi unadhani ni gitaa la ridhimu. Na mpiga gitaa hayupo kabisa kwenye albamu ya Head Hunters (1973)! Kazi yake wamegawana Jackson na Clavinet ya Hancock (kinanda cha umeme chenye sauti ya kukatakata kama gitaa), na kwangu huo ndio utamu wenyewe wa wimbo huu. Solo ya kwanza ya kinanda nayo ni Odyssey. Ile ya baadaye, mdundo ukishabadilika, ni Fender Rhodes, yaani piano ya umeme.

Lakini usichukue video za jukwaani kama ushahidi. Bendi nyingi zinazourudia humwachia mpiga besi ile besi ya mwanzo, ili mpiga kinanda abaki na mikono yote miwili kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na solo.